Nyufa za uchovu kwenye ndege za abiria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa abiria mdadisi, mwanafunzi wa ufundi wa ndege, na fundi anayetaka kukumbushwa kwa nini anaambiwa afanye hivi na si vile. Nimeweka uzito zaidi kwenye viraka kuliko kwenye nyufa zenyewe. Sababu utaiona huko mbele.

Uchovu wa metali ni nini hasa?

Ni metali kupasuka polepole kwa mzigo unaorudiwarudiwa, hata kama mzigo wenyewe kwa mara moja hauna nguvu ya kuivunja. Watu hupenda kueleza kwa mfano wa waya unaokunjwa huku na huku mpaka ukatike. Mfano huo unapotosha kidogo, maana waya unapinda mbele ya macho yako. Ganda la ndege halipindi. Linavutika kidogo, linarudi palepale, na ukiliangalia hakuna kilichobadilika. Lakini kwenye ukingo wa tundu la riveti (pini fupi inayoshikanisha mabamba), au mahali palipokwaruzwa, ufa unaanza ukiwa mdogo usioonekana, na kila safari unasogea hatua nyingine.

Kwenye bodi ya ndege, yaani kiwiliwili chake, mzigo mkuu ni hewa ya kabini. Juu kwenye futi 35,000 hewa ya nje haitoshi mtu kupumua, kwa hiyo ndani hujazwa hewa mpaka iwe kama mtu yuko futi 8,000 au chini ya hapo. Tofauti ya ndani na nje inalisukuma ganda kwa nguvu ya karibu tani 6 kwa kila mita ya mraba. Ndege ikiruka, ikajazwa hewa, ikatolewa hewa na kutua, hiyo ni saiko moja. Mabawa nayo yana mizigo yake ya upepo na mitikisiko, gia za kutua (magurudumu na miguu yake) zina ya kwao, na injini vilevile.

Alumini ina kasoro moja inayotulazimisha kuwa macho: tofauti na aina nyingi za chuma, haina kiwango cha mzigo ambacho ukibaki chini yake utakuwa salama daima. Ukiurudia mzigo mara nyingi vya kutosha, itapasuka. Mjerumani August Wöhler alichunguza tabia hii ya metali kwenye ekseli za mabehewa ya reli katika karne ya 19, muda mrefu kabla ya ndege ya kwanza kuruka.

Je, kuna ndege zinazobeba abiria zikiwa na nyufa?

Ndiyo. Ndege za leo husanifiwa kwa kudhania kwamba ufa upo tayari mahali pabaya kuliko pote, tangu siku ndege inatoka kiwandani. Mhandisi anakokotoa mambo matatu: ufa huo utakua kwa kasi gani, utaanza kuonekana ukiwa na urefu gani, na bodi inaweza kuvumilia ufa wa urefu gani kabla ya kushindwa kazi yake. Kati ya hayo mawili ya mwisho kuna muda. Ukaguzi wote unaishi ndani ya muda huo.

Ufa ukishapatikana ni habari nyingine. Ndege hairuki mpaka mtu mwenye mamlaka ya kiufundi aamue. Mara nyingi uamuzi ni kutengeneza kabla ya kuruka. Mara chache, kwa sehemu zisizobeba mzigo mkubwa, mtengenezaji huruhusu kwa maandishi ndege iendelee kwa saiko kadhaa huku ufa ukipimwa tena na tena.

Fikra ya kuishi na ufa ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye vifo. Mwaka 1954 ndege mbili za abiria za aina ya Comet, za Uingereza, zilisambaratika angani juu ya bahari ya Italia: moja karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari, nyingine karibu na Naples tarehe 8 Aprili. Wachunguzi wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza, walichukua Comet nyingine, wakaizamisha bodi yake kwenye tangi kubwa la maji, wakaijaza na kuitoa shinikizo mfululizo. Walitumia maji kwa sababu hayabanwi kama hewa. Bodi ikipasuka, hairuki vipande. Ilipasuka ilipofikisha saiko 3,057, ukijumlisha za safari za kweli na za kwenye tangi. Chanzo kilikuwa kwenye kona ya uwazi uliokatwa kwenye ganda.

Hapa nisahihishe jambo linalorudiwa kila mahali, kwamba madirisha ya abiria ya mraba ndiyo yaliyoiangusha Comet. Kwenye ndege ya Elba, kipande kilichookolewa baharini kilionyesha ufa ulianzia kwenye uwazi wa antena juu ya paa. Somo la kona kali halibadiliki, lakini dirisha la abiria linasingiziwa.

Baada ya Comet, wasanifu wakaweka njia mbadala za kubeba mzigo: sehemu moja ikikatika, ya jirani iushike mpaka tatizo ligundulike. Fikra nzuri, ila ilikuwa na pengo, na pengo hilo likaonekana huku kwetu Afrika. Tarehe 14 Mei 1977, Boeing 707 ya mizigo iliyotoka London kupitia Athens na Nairobi ilikuwa inakaribia kutua Lusaka. Bawa dogo la kulia la mkia likang'oka. Watu wote 6 waliokuwemo wakafa. Mhimili wa nyuma wa bawa hilo ulikuwa na ufa wa uchovu wa muda mrefu. Njia mbadala ilikuwepo na ikabeba mzigo kama ilivyokusudiwa, lakini hakuna ukaguzi uliowekwa wa kugundua kwamba njia ya kwanza imeshakatika. Njia mbadala nayo ilikuwa inasubiri zamu yake.

Mwaka uliofuata kanuni za Marekani zilibadilishwa: haitoshi kusema sehemu ya jirani itashika, lazima uonyeshe utaugundua ufa kwa njia gani na kila baada ya muda gani. Ndege zilizokuwa zikiruka tayari zikaandikiwa vitabu vya ziada vya ukaguzi wa muundo. Ajali ya Lusaka haijulikani sana nje ya fani, nami naona haikutendewa haki.

Umri wa ndege unahesabiwaje? Kwa miaka?

Miaka ni kwa ajili ya kutu. Saa za kuruka ni kwa mabawa; injini huhesabiwa saa na saiko. Kwa ganda la kabini, hesabu ni saiko.

Boeing 737 za mwanzo zilisanifiwa zikilengwa saiko 75,000, na 747 zilengwe 20,000, kwa sababu ya pili ilikusudiwa safari ndefu. Kwa hiyo ndege ya miaka 25 inayovuka bahari mara moja kwa siku inaweza kuwa na ganda changa kuliko ya miaka 15 inayorukaruka kati ya miji ya jirani.

Je, safari fupi za Dar–Zanzibar zinachosha ndege haraka?

Zinaongeza saiko haraka, lakini si kila saiko ina uzito uleule. Ndege inayopanda futi elfu chache tu haijazwi hewa kwa nguvu zote, hivyo ganda lake linavutika kidogo. Na ndege ndogo kama Cessna Caravan hazijazwi hewa kabisa. Huko kinachohesabiwa ni kutua, mitikisiko na mabawa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwenye njia za pwani ni chumvi. Mfano wake mkubwa uko Hawaii. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737-200 ya Aloha Airlines ilikuwa futi 24,000 kutoka Hilo kwenda Honolulu. Paa lote la sehemu ya mbele ya kabini, urefu wa mita kama 5 na nusu, likachomoka. Mhudumu mmoja alitupwa nje na hakuonekana tena; wengine 94 walitua wakiwa hai Kahului, kisiwani Maui. Ndege ilikuwa na saiko 89,680, nyingi zikiwa za visiwa vya jirani na hazikufikia shinikizo kamili. Kilichoongeza ubaya ni hewa ya bahari. Mabamba ya ganda yalilaliana na kubandikwa kwa gundi. Gundi ikaachia, unyevu wa chumvi ukaingia katikati, kutu ikayasukuma mabamba yaachane, na mzigo uliotakiwa kubebwa na gundi ukahamia kwenye riveti. Kwenye kila tundu la riveti kukaanza ufa wake mdogo.

Hesabu za zamani zilidhania ufa mmoja mrefu unaofika kwenye fremu (ubavu wa ndani wa bodi) na kusimama. Pale Aloha zilikuwa nyufa ndogondogo nyingi kwenye mstari mmoja, na siku ilipofika ziliungana kwa mpigo. Hiyo ndiyo hali inayoogopwa kuliko zote kwenye ndege zilizozeeka, kwa kuwa kila ufa peke yake unaonekana wa kusamehewa.

Wakaguzi wanatafuta wapi?

Kwanza, pale ambapo mtengenezaji ameagiza. Pili, pale ambapo mzigo unabadili njia: kona za milango na madirisha, mistari ya kuunganishia mabamba, mizizi ya mabawa, ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya kabini, fremu karibu na gia za kutua. Mwaka 2019, mafundi waliokuwa wakigeuza Boeing 737-800 kuwa ya mizigo walikuta nyufa kwenye vishikizo vinavyounganisha bawa na bodi. Mamlaka ya anga ya Marekani ikaagiza ndege za kundi hilo zilizozidi saiko 30,000 zikaguliwe ndani ya siku 7. Sehemu hiyo haikutarajiwa kupasuka mapema kiasi hicho. Ziligunduliwa kwa kuwa mtu alifungua eneo lile kwa kazi nyingine, akaangalia.

Tatu, na hili halimo kwenye kila kitabu: chini ya vyoo na majiko ya kabini. Maji yanayovuja humo ni adui wa sakafu kuliko mvua yoyote.

Ufa unaonekana kwa macho?

Kazi kubwa ya kutafuta kasoro bado ni ya macho, tochi na kioo kidogo cha mkono, na lensi ya kukuza mara kumi. Fundi mzoefu halipigi tochi ganda uso kwa uso. Anailaza karibu ilingane na ganda, mwanga uteleze juu yake. Hapo mabonde na vimbe kati ya riveti na riveti vinajitokeza, dalili kwamba kutu inasukuma kutoka ndani. Riveti inayocheza kwenye tundu lake huacha mkia mweusi wa unga wa metali unaoelekea upande wa nyuma, kwa jinsi upepo unavyopita. Rangi iliyopasuka mstari mwembamba kando ya riveti hairukwi hata kama umeshaona elfu moja zilizokuwa rangi tupu.

Macho yakikwama, vifaa vinaingia. Kwa ganda la alumini, mfalme ni mkondo wa edi: koili ndogo ndani ya probu (kichwa cha kupimia) inazalisha mkondo wa umeme kwenye metali, na ufa unapoukatiza, ishara kwenye skrini inaruka. Kabla ya kugusa ndege, mkaguzi anaipitisha probu kwenye kipande cha majaribio cha metali ileile, chenye mkato wa kipimo kinachojulikana, arekebishe kifaa mpaka mkato uonekane vizuri. Akimaliza zamu anarudia kwenye kipande kilekile. Ishara ikiwa imebadilika, alichokagua kati ya vipimo hivyo viwili hakihesabiki, anaanza upya. Kisha ndipo kazi yenyewe: kiolezo cha plastiki juu ya kichwa cha riveti, probu inazungushwa, nukta kwenye skrini haikuruka, riveti inayofuata. Mstari mmoja una mamia yake.

Masafa ya juu ya mkondo huo, yaani ukibadilika mara nyingi zaidi kwa sekunde, huona nyufa za juu ya uso. Masafa ya chini huzama hadi bamba la pili, lakini yanahitaji ufa mkubwa zaidi ili kuuona. Riveti au bolti ikitolewa, probu inayozunguka huingizwa ndani ya tundu lenyewe, na hapo hupatikana nyufa ndogo kuliko kwa njia nyingine yoyote ya kawaida hangani (jengo la kutengenezea ndege). Kwa sehemu nene kuna mawimbi ya sauti. Kwa chuma cha gia za kutua kuna unga wa sumaku. Rangi ya kupenya, ile inayoingia kwenye ufa na kutokeza chini ya taa ya zambarau, ni nzuri kwa sehemu zilizofunguliwa na kusafishwa. Eksirei nayo ipo, ila ni ghali na watu wote wa hangani lazima watoke nje.

Kwa nini basi nyufa nyingine hukosekana?

Kwa sababu mkaguzi ni mtu. Kazi hii ni ya usiku, ndege inatakiwa asubuhi, na riveti ya mia nne inafanana na ya kwanza. Baada ya Aloha, taasisi ya Marekani ya uchunguzi wa ajali iliandika wazi kuhusu uchovu wa wakaguzi wenyewe na kuchosha kwa kazi hiyo. Mwaka 1991 kituo maalumu kilianzishwa kwenye maabara ya Sandia, Albuquerque, Marekani, kupima mambo haya kwenye ndege halisi: ufa wa urefu fulani, kwa kifaa fulani, utaonwa na wakaguzi wangapi kati ya mia.

Matokeo ya vipimo vya namna hiyo ndiyo huingia kwenye ratiba. Tuseme ufa unachukua saiko 12,000 kukua kutoka urefu wa kuonekana hadi urefu wa hatari. Ukaguzi hauwekwi kila saiko 12,000. Unawekwa kila 6,000 au 4,000, ili mkaguzi wa kwanza akiukosa, wa pili aukute. Ndiyo maana kusogeza ukaguzi mbele kidogo kwa sababu ya msimu wa abiria si jambo dogo kama linavyoonekana ofisini.

Ufa ukipatikana, si unatobolewa tundu mwishoni usiendelee?

Mbinu hiyo ipo na ni ya kweli: tundu la mviringo kwenye ncha linaondoa ukali wa ufa. Ila ncha unayoiona si lazima iwe ncha yenyewe. Ukitoboa nyuma yake, ufa unaendelea mbele kana kwamba hukugusa kitu, kwa hiyo lazima mkondo wa edi uthibitishe. Na kwa ganda linalobeba shinikizo, hiyo ni hatua ya muda au sehemu ya ukarabati mkubwa zaidi.

Ukarabati kamili unafanyikaje?

Nichukue mfano wa ufa kwenye ganda la bodi. Sehemu iliyopasuka inakatwa yote na kutolewa, pembe za mkato zikiwa za duara. Ukingo unalainishwa na kukaguliwa tena kwa mkondo wa edi, kwani mara kadhaa ufa uliingia ndani kuliko ulivyodhaniwa. Kisha kinatengenezwa kiraka cha alumini ya aina ileile, kwa kawaida kinene hatua moja tu kuliko ganda, kinachovuka mkato pande zote kwa nafasi ya kutosha safu tatu au zaidi za riveti.

Vipimo vya riveti vina sheria zake. Kitovu cha tundu kisikaribie ukingo kwa chini ya mara mbili ya kipenyo cha riveti. Kati ya riveti na riveti iwe kama mara nne hadi sita. Kama kichwa cha riveti kinazamishwa ili ganda liwe laini, kina cha mzamo kisizidi theluthi mbili za unene wa bamba. Kikizidi, ukingo wa chini wa tundu unabaki mkali kama kisu, na ukingo huo ndio ulioanzisha nyufa za Aloha.

Matundu hutobolewa madogo kwanza, yakapanuliwa taratibu hadi kipimo. Mabamba hutenganishwa tena, kila tundu lisafishwe makombo ya drili pande zote mbili. Fundi mvivu anairuka hatua hii, na hakuna atakayemjua, kwani riveti zikishapigwa hakuna kinachoonekana. Halafu inakuja dawa ya kuzuia kutu, praima (rangi ya kwanza), na silanti (gundi ya kuzibia) kati ya mabamba, na riveti zinapigwa silanti ikiwa bado mbichi. Baadhi ya riveti za alumini ngumu huhifadhiwa kwenye friza, maana zikitoka kwenye baridi zinabaki laini kwa dakika chache tu. Usipoipiga kwa wakati inakuwa ngumu na kupasuka kichwa.

Kwenye matundu muhimu, hasa ya mabawa, hutumika pia mbinu ya kupanua tundu kwa nguvu likiwa baridi: kipini kinene kinavutwa kupita ndani, metali ya pembeni inabaki imejibana kuelekea tundu, na ufa unapata shida kuanza. Jambo la kuvutia ni kwamba kitu kama hicho kiliwahi kuwadanganya watengenezaji wa Comet. Bodi waliyoifanyia majaribio ya saiko ilikuwa imeshajazwa shinikizo kubwa kupita kiasi hapo kabla, kona zake zikajibana zenyewe bila wao kukusudia, ikadumu kuliko ndege zilizouzwa. Leo tunakifanya kwa makusudi.

Kiraka kinene zaidi si ndiyo salama zaidi?

Hapana, na hili ndilo kosa la kwanza la fundi mgeni. Mzigo hufuata ugumu. Kiraka kinene kinavuta mzigo mwingi zaidi, na wote unaingia kupitia safu ya kwanza ya riveti. Ganda la zamani, pale chini ya safu hiyo, linachoka upya. Na sehemu hiyo imefunikwa na kiraka chenyewe. Umeondoa ufa unaoonekana ukapanda mwingine usioonekana. Ndiyo maana viraka vizuri hupunguzwa unene kuelekea kingo, au kingo zake hukatwa kwa umbo la vidole, ili mzigo uingie kidogokidogo.

Ni kweli kwamba ukarabati umeua watu wengi kuliko ufa wenyewe?

Ukiangalia ajali mbili kubwa za uchovu wa bodi, zote zilitokana na ukarabati mbovu.

Tarehe 2 Juni 1978, Boeing 747 ya Japan Airlines ilikwaruza mkia ikitua Osaka. Ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya kabini uliharibika, na mafundi wa Boeing wenyewe wakaja kuutengeneza. Kwenye mstari wa kuunganisha nusu ya juu na ya chini, ilitakiwa bamba moja la kuungia. Liliwekwa likiwa limekatwa vipande viwili. Kwa nje, riveti zote zilikuwepo na mstari ulionekana umekamilika. Ndani, mzigo wa safu mbili ulibebwa na safu moja. Ndege iliruka miaka 7, zaidi ya safari 12,000. Tarehe 12 Agosti 1985 ukuta ukapasuka dakika chache baada ya kutoka uwanja wa Haneda, Tokyo, hewa ikaung'oa mkia wa wima na kukata mabomba yote ya haidroliki, yaani mafuta yenye shinikizo yanayosukuma vidhibiti vya ndege. Watu 520 walikufa, wanne wakapona. Hakuna ajali ya ndege moja iliyoua zaidi ya hiyo.

Ya pili: 747 ya China Airlines iliyokwaruza mkia Hong Kong tarehe 7 Februari 1980. Ganda lililokwaruzika lilitakiwa kukatwa, au kiraka kivuke eneo lote lililoharibika kwa nafasi ya kutosha. Badala yake kiliwekwa kiraka juu ya mikwaruzo, na hakikuifunika yote ipasavyo. Miaka 22 ikapita. Tarehe 25 Mei 2002 ndege ilivunjika vipande angani karibu na visiwa vya Penghu ikitoka Taipei, watu 225 wakafa. Picha za kiraka zilizopigwa miezi michache kabla ya ajali zilionyesha alama za kahawia kuzunguka kingo zake. Zilihusishwa na moshi wa sigara wa zama zile za kuvuta ndani ya ndege, uliopenya pamoja na hewa ya kabini kupitia ufa. Picha hizo zilipigwa kwenye zoezi la kuorodhesha viraka vya zamani ili vitathminiwe. Tathmini yenyewe ilikuwa bado haijafikiwa.

Ndiyo maana leo kila kiraka kwenye muundo muhimu kina faili. Kwanza huthibitishwa nguvu yake ili ndege irudi kazini. Kisha, kwa kawaida ndani ya miezi 12, huletwa hesabu ya uchovu wake, na kutokana na hesabu hiyo kiraka hupewa ratiba yake ya kukaguliwa, tofauti na ya ganda la jirani. Ndege ikiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, faili hizi ni sehemu ya thamani yake. Ukinunua ndege yenye kiraka kisicho na karatasi, jiandae kukifungua.

Ndege mpya haziwezi kuwa na nyufa?

Zinaweza. Mwaka 2011, Boeing 737-300 ya shirika la Southwest la Marekani ilipasuka paa na kutua kwa dharura Yuma, Arizona. Chanzo kilikuwa bamba lililobadilishwa kiwandani wakati ndege inatengenezwa, matundu yake yakiwa hayakukaa sawa. Na kuna kosa la karakanani: mafundi kukwangua silanti ya zamani kwa visu vya chuma wakati wa kuandaa rangi, wakaacha mistari myembamba kwenye ganda ambayo baadaye ikawa nyufa. Leo hutumika vikwangulio vya plastiki ngumu au mbao. Ukimwona mtu na kisu juu ya maungio ya bodi, mnyang'anye.

Ndege za nyuzi za kaboni, kama 787 na A350, zimemaliza tatizo?

Kaboni haichoki kama alumini na hailiwi na kutu. Shida yake ni kugongwa: ngazi au gari la mizigo likiigusa, nje pakabaki pazima huku ndani matabaka yameachana. Hukaguliwa kwa mawimbi ya sauti, na kwa kugongagonga sarafu au nyundo ndogo kusikiliza sauti inapofifia. Na ndani ya ndege hizo bado kuna alumini na titani ya kutosha kutupa kazi.

Ndege inaweza kutengenezwa hivi milele?

Hapana. Ndege kubwa za usafirishaji zimewekewa kikomo cha saiko au saa ambacho ushahidi wa kihandisi wa kuzuia nyufa za kuenea, kama zile za Aloha, unafika. Ukivuka bila ushahidi mpya, hairuki. Kwa vitendo, nyingi hustaafishwa na gharama kabla ya kufika huko.

Nani anaweza kusaini kazi hii?

Kupima kwa vifaa kunahitaji mkaguzi aliyethibitishwa kwa kila mbinu peke yake. Anayejua mkondo wa edi si lazima aruhusiwe mawimbi ya sauti. Kiraka hufuata kitabu cha ukarabati cha mtengenezaji, na uharibifu usiomo kitabuni hupelekwa kwa mtengenezaji au ofisi ya usanifu iliyoidhinishwa. Fundi mwenye leseni ndiye anayeirudisha ndege kazini kwa sahihi yake, chini ya mamlaka ya nchi: TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya. Meneja hana sahihi hiyo.

Nikiwa abiria nikaona kitu, niseme?

Sema, kwa mhudumu, kabla mlango haujafungwa. Viraka vyenyewe visikutishe. Bamba la mraba lenye riveti nyingi kando ya mlango wa mizigo ni jambo la kawaida, maana magari ya mizigo hugonga hapo kila siku. Lakini abiria mmoja aliyepanda ile ndege ya Aloha pale Hilo aliuona ufa kwenye ganda karibu na mlango. Hakumwambia mtu.

Naweza kusomea wapi?

Kwa ukanda wetu, ufundi wa ndege unafundishwa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji Dar es Salaam, East African School of Aviation Nairobi, chuo cha anga cha Soroti nchini Uganda, na chuo cha Ethiopian Airlines Addis Ababa. Upimaji kwa vifaa husomewa baadaye, juu ya uzoefu wa karakanani. Ukienda kwenye usaili, tarajia kupewa bamba, drili na riveti kabla ya kuulizwa swali lolote la nadharia. Watageuza bamba lako upande wa pili kwanza, kuangalia kama umesafisha makombo.